Matundu Mawili ya Skrubu

Gari la maiti lilikuwa kwenye kona ya uwanja wa kituo cha polisi, limefunikwa turubai kuanzia taa za mbele hadi mlango wa nyuma. Inspekta alilivua turubai lile mwenyewe, akalikunja mara nne, akaliweka chini, ndipo akatoa rula ya chuma mkobani. Kwa ajili ya rula hiyo askari vijana walimbatiza jina la Mama Rula. Walimcheka pembeni, mbele yake kila mmoja alinyoosha kola.

Moto ulikula upande wa nyuma tu. Siku tatu zilizopita gari hili liliongoza msafara wa mazishi kutoka hospitali kwenda makaburini, mwendo wa pole, taa zote nne za hazadi zikiwaka na kuzima njia nzima. Msafara ulipotimiza saa moja na nusu barabarani, moshi ukatoka kona ya kushoto, nyuma ya taa. Dereva akasimama. Akawatoa wanawake wawili wafiwa waliokaa pembeni mwa jeneza, kisha akarudi ndani kulifuata jeneza lenyewe. Alilisukuma mpaka mikono ya watu ikalipokea, na papo hapo kitambaa cha darini, chote kikiwaka, kikamwangukia. Marehemu wa watu alizikwa siku ile ile, jeneza likiwa limeungua kona moja. Dereva, ambaye mji mzima ulimwita Taratibu kwa uendeshaji wake, hakutoka.

Jioni hiyo hiyo mdogo wake alikuja kituoni kwa miguu yake. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, na ndiye aliyebadilisha balbu za nyuma za gari lile akaweka za LED, zinazokula umeme kidogo. "Ni mimi," alisema kaunta. "Kazi yangu ndiyo iliyomuua kaka." Sasa ilikuwa imebaki siku moja tu: kesho saa tatu angesomewa shitaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Kesho hiyo hiyo saa nne kaka yake angezikwa.

Kesi yenye mtu aliyekiri ni kesi tamu kwa kila polisi, isipokuwa Mama Rula. Yeye kitu kikija chenyewe mkononi alikigeuza kwanza chini juu.

"Mimi nimemaliza," alisema Mkaguzi wa magari, mtu wa tumbo na haraka, akipiga kalamu kwenye ubao wake wa kuandikia. "Kosa ni volti. Gari kubwa kama hili ni volti ishirini na nne. Fundi katia rizista, vile vidude vya kuongezea taa mzigo, za magari madogo, omu sita. Omu sita kwenye ishirini na nne ni wati tisini na sita. Hiyo si rizista tena, Inspekta. Hilo ni jiko."

Inspekta alizunguka mbele, akafungua boneti.

"Unaona betri ngapi?"

"Moja."

"Ya volti ngapi?"

Mkaguzi aliinama, akafuta masizi kwa kidole. "Kumi na mbili."

"Basi jiko limezimika. Pima rizista zenyewe."

Zilikuwa mbili, vipande vya alumini vyenye mbavu, kila kimoja urefu wa kidole cha shahada, na masikio mawili yenye matundu ya kupitishia skrubu. Mkaguzi aligusisha ncha za mita. Ya kulia ilisoma omu sita. Ya kushoto, iliyookotwa sakafuni ikiwa nyeusi tii, ilisoma sita na nukta moja. Zote zilipigwa muhuri wa wati hamsini. Fundi alichagua kitu kimoja kwa pande zote mbili, na upande mmoja tu ndio uliowaka.

Inspekta alipiga magoti nyuma ya taa ya kulia. Upande huo palikuwa na sanduku la jeki, hakuna kitambaa wala sponji. Rizista ilikuwa imekaa juu ya bodi ya gari, rangi imekwanguliwa chini yake mpaka chuma kikang'aa, skrubu mbili zimekazwa, kila moja na washa yake, kile kipete cha chuma chini ya kichwa. Kazi safi, ya mtu asiyependa kurudiwa. Akahamia kushoto, ambako ubao uliovikwa sponji na satini ulikuwa umeungua. Pale pia chuma kilikuwa kimekwanguliwa, umbo lile lile, na matundu mawili yalikuwepo mahali yalipopaswa kuwa. Akapima kwa rula: umbali uleule. Lakini matundu yalikuwa matupu. Alimulika tochi ndani. Meno ya tundu yalikuwa mazima, hayakukwaruzwa wala kunyofoka.

"Hizi hazikung'oka," alisema. "Zilifunguliwa kwa bisibisi, bila haraka."

"Labda alisahau kuzitia."

"Mtu atoboe, akwangue, atie upande mmoja, asahau mwingine?" Aliinua rizista nyeusi kwa kibanio. Katika sikio lake moja palikuwa na kipande cha waya mwembamba kama uzi, kimesokotwa mara tano. Waya wa umeme haukuwa hivyo. Alisimama, akatazama juu ya paa. Kulikuwa na reli ya kufungia mashada ya maua, na vipande vya waya ule ule vilining'inia huko, mabaki ya mashada ya misafara mingi. Alivikagua kimoja kimoja. Vyote vilisokotwa kuelekea kushoto. Na kile cha kwenye rizista pia.

*

Fundi aliletwa chumba cha mahojiano saa nne asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, kucha zina weusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni. Hakugusa chai.

"Nieleze ulivyozichagua rizista," Inspekta alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

"Ya nini? Nimeshakiri."

"Nieleze."

Fundi alishusha pumzi. "Balbu ya zamani ya indiketa inakula wati ishirini na moja. LED inakula tatu. Ukiibadilisha, ile flasha, kidude kinachopepesa taa, inaona mzigo umepungua, inadhani balbu imeungua, basi taa zinapepesa mbio mbio. Msafara wa maiti na taa zinakimbia hivyo, ni aibu. Kwa hiyo unatia rizista sambamba na taa, ili ile njia iule mzigo wake wa zamani. Volti kumi na mbili mara kumi na mbili, gawa kwa ishirini na moja, unapata karibu omu saba. Dukani zipo za sita. Unachukua sita."

"Na wati hamsini? Si ulihitaji ishirini tu?"

Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Hamsini ile imeandikwa kwa rizista iliyobanwa kwenye chuma. Chuma ndicho kinachoinyonya joto. Ikining'inia hewani haibebi hata kumi na tano. Na gari hili si teksi, mama. Teksi inakata kona, indiketa inazimika. Hili likiwasha hazadi hospitalini haizimi mpaka kaburini. Nilipiga hesabu ya saa mbili mfululizo. Ndiyo maana nilikwangua rangi, chuma kwa chuma, na skrubu mbili, siyo mo..."

Akaificha mikono chini ya meza.

"Siyo moja," Inspekta alimalizia. "Sasa za kushoto ziko wapi?"

"Nilisahau kuzitia."

"Umetoka kunieleza sasa hivi kwamba bila chuma inachemka."

"Binadamu husahau."

Inspekta alitoa mkobani kipande cha waya wa mashada na kalamu mbili za risasi, akavisogeza mezani. "Nifungie hizi pamoja."

Alizifunga bila kufikiri, mikono ya kazi haikai bure. Alisokota mara tano. Inspekta akaweka kando yake kile kipande kilichotoka kwenye rizista. Cha fundi kilielekea kulia. Kile kingine kilielekea kushoto.

Fundi alivitazama vipande vile viwili. Kisha akauweka mkono juu, akavifunika vyote, kana kwamba kufunika kungesaidia.

"Andika ni mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Nikae huko ndani miaka wanayotaka. Andika ni mimi."

*

Mwenye gari aliitwa saa nane mchana. Alikuwa mwanamume wa suti nyeusi na sauti laini, ambaye biashara yake ilimzoeza kutoa pole kabla hajasalimia. Asubuhi, kwa simu, alisema hajui hata rizista ni kitu gani. Umeme ni wa mafundi, yeye ni mtu wa majeneza. Sasa alisimama kivulini uwanjani huku Mkaguzi akiunganisha betri, chaja, flasha na rizista mbili mpya za omu sita, wati hamsini.

Moja Inspekta aliifunga kwa skrubu mbili kwenye kipande cha mlango wa gari bovu. Ya pili aliifunga kwa waya wa mashada kwenye kipande cha ubao, akaizungushia sponji na satini nyeupe kama ile ya ndani ya gari, na waya wa umeme wa taa akaupitisha juu yake. Wakawasha. Tik, tak, tik, tak. Mkaguzi aliandika joto kila dakika tano.

Dakika ya ishirini, ile ya kwenye bati ilikuwa nyuzi hamsini na tisa. Ile ya kwenye ubao ilikuwa mia na arobaini, na satini ilianza kupata rangi ya chai. Dakika ya thelathini na tano bati lilifika sitini na nane, likagoma kupanda. Kwenye ubao harufu ya plastiki ilitoka, na ganda la waya likalegea, likateleza kama mafuta ya mshumaa.

"Lakini hapa mnaibana sana," mwenye gari alisema, akijifuta shingo. "Kule nyuma ya ubao kulikuwa na nafasi ya hewa."

Mkaguzi aliacha kuandika.

"Nyuma ya ubao?" Inspekta aliuliza taratibu. "Mimi sijakuambia ilikuwa nyuma ya ubao. Na asubuhi ulikuwa hujui ni kitu gani."

"Nilisikia... watu wanazungumza."

"Watu gani?"

"Marehemu ndiye aliyeishughulikia. Muulizeni..." Akasikia alichokuwa akisema.

"Asiyekuwepo na lake halipo, siyo?" alisema Inspekta. Hakuwa na hasira mara nyingi, lakini sasa alikuwa nayo, na hakuificha. Nyuma yake waya ulio uchi uligusa mwenzake, cheche zikaruka, na satini ikashika moto. Mkaguzi aliumwagia mchanga. Mwenye gari alirudi nyuma hatua tatu, peke yake.

*

Nyumba ya Taratibu ilikuwa vyumba viwili vyenye dirisha moja la kuelekea barabarani. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mjane alimpokea Inspekta jikoni, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa hakuna mtu. Macho yake yalikuwa makavu, yamekauka kwa kulia.

"Kama umekuja kumwombea shemeji, umepoteza nauli," alisema. "Nimeshasema, kesho asikanyage hapa. Nimempikia kijana yule miaka tisa. Kala sahani moja na kaka yake. Halafu anamtilia moto kwenye gari."

"Sikuja kumwombea. Nimekuja kuuliza." Akafungua kitambaa, akamwonyesha kile kipande cha waya. "Unakijua hiki?"

Mjane alikitazama bila kukigusa. "Ni waya wa maua. Mifuko yake ilikuwa haiishi vipande hivyo, nguo zikifuliwa vinanichoma vidole."

"Tazama ulivyosokotwa."

Alitazama, na uso ukabadilika. "Mume wangu alikuwa mashoto. Hata kamba za viatu vya mtoto alifunga kinyume, mwalimu akawa anazifungua na kuzifunga upya." Kisha sauti ikapungua. "Umeupata wapi?"

Inspekta alimweleza yote, bila kuzunguka mbuyu. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda chumbani na kurudi na mkebe wa nyembe na daftari la shule lenye jalada la bluu.

Daftari lilikuwa la majina. Taratibu aliandika kila marehemu aliyembeba, jina, tarehe, na neno moja au mawili: *mvua*, *mtoto mdogo*, *alikuwa na watu wachache, nikakaa mpaka mwisho*. Mjane alifungua ukurasa wa mwisho kabisa. Kati ya jina na jina palikuwa na mistari iliyoandikwa kwa mwandiko wa kulalia kushoto. Alianza kusoma, akashindwa, akampa Inspekta.

*Satini ya kushoto inabanduka, gundi inayeyuka kwa joto la kidude. Bosi anasema inatia aibu mbele ya wateja, nikitoe kwenye bati nikifiche nyuma ya ubao. Nimempigia dogo, kasema kisitolewe kabisa, ni hatari. Nimemwambia bosi hivyo hivyo. Kasema kama namsikiliza dogo nikafanye kazi kwa dogo. Nimekitoa. Nikipata gundi ya kuhimili joto nakirudisha.*

Ndani ya mkebe wa nyembe kulikuwa na skrubu mbili, kila moja na washa yake, zimefungwa kwenye kikaratasi. Juu yake yameandikwa maneno matatu: *Za dogo. Kurudisha.*

Mjane alizishika kwenye kiganja. "Nilidhani ni za kitanda," alisema. "Wiki nzima nimekuwa nikizisogeza nikitafuta wembe." Kisha akauliza, "Shemeji alijua?"

"Siku ya moto alifika pale. Aliona matundu na waya. Angekosaje kuutambua mkono wa kaka yake?"

"Na akaenda kujitia ndani?"

"Hakutaka mtu aseme kwamba Taratibu aliuwasha moto kwa mikono yake. Wewe hasa, na mtoto."

Mjane aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Machozi aliyodhani yamekwisha yalikuja tena, mengi, na Inspekta alibaki amesimama hapo, rula mkobani, bila kitu cha kupima.

*

Mkuu wa kituo alisaini karatasi ya kumwachia fundi saa mbili kasoro robo asubuhi, akiguna. Mwenye gari alikuwa ameshaketi kwenye benchi la maelezo, suti ile ile, wakili wake pembeni, na daftari la bluu likiwa mezani ndani ya mfuko wa ushahidi. Safari hii hakumpa mtu yeyote pole.

Inspekta aliingia mahabusu na kikaratasi mkononi. Alikifungua juu ya goti la fundi.

Fundi alizitambua skrubu kabla hazijatulia. "Umezitoa wapi?"

"Kwenye mkebe wake wa nyembe. Soma."

Alisoma yale maneno matatu. Kisha akayasoma tena.

"Nilimjibu kwa ukali," alisema mwishowe. "Alipopiga simu. Nilimwambia, kaka, wewe endesha, umeme niachie mimi. Nikakata. Ningekwenda tu nikatazame. Ni mwendo wa dakika kumi."

"Hilo haliko kwenye shitaka."

"Liko kwangu." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mama, shemeji asijue. Mwambie nilisahau skrubu."

"Yeye ndiye aliyenipa."

Fundi aliinua kichwa. Mjane alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya askari, amejifunga khanga mbili, mkononi ana shati jeupe lililopigwa pasi. Lilikuwa la Taratibu. Mikono yake ingemzidi fundi urefu.

"Vaa hili, shemeji," alisema. "Lako limechafuka. Tutachelewa kumzika."

Nje gari la maiti la kukodi lilikuwa limeshawasha injini, jeneza likiwa ndani, taa zake nne za njano zikiwaka na kuzima. Fundi alitoka akiwa amekunja mikono ya shati mara mbili. Watu wa msiba walimtazama, wengine kwa macho ya jana, lakini mjane alikuwa mbele yake na wakampisha. Alipofika nyuma ya gari alisimama. Akapiga magoti kwenye changarawe, akapitisha mkono chini ya kitambaa cha kushoto, nyuma ya taa, akapapasa. Dereva alitaka kuuliza, Inspekta akamzuia kwa kidole.

Walimngoja. Alipapasa kushoto, akahamia kulia, akarudi tena kushoto kuhakikisha.

"Skrubu zipo zote," alisema, akasimama. "Zimekaza. Twendeni."